Wagoni, SUV au minivani: familia ya Uganda ichague gari gani?

Ikifika Novemba, maswali ya magari huanza. Mwenye Corolla ndogo anatazama watoto walivyorefuka, anakumbuka safari ya Krismasi ya kwenda kijijini, na mama watoto ameshasema wazi kwamba mwaka huu habebi mtu mapajani mpaka Arua. Sasa bwana anataka gari kubwa. Kubwa vipi, ndipo anapokwama: refu kama wagoni, lile la buti refu lililoungana na sehemu ya abiria, la juu kama SUV, au la viti saba na nane kama Noah?

Zamani swali hili lilikuwa jepesi. Aliyetaka gari la familia alinunua Caldina, Corolla wagoni au Legacy, akafunga keria juu, basi. Leo ukizunguka mabondi ya Kampala, zile yadi za magari yaliyoagizwa, macho yanakutana kwanza na Forester, RAV4, Harrier na Noah. Wagoni unaitafuta huko nyuma, na muuzaji anakuonyesha kama mtu anayekuonea huruma.

Niseme msimamo wangu mapema ili usinisome kwa kunishuku. Wengi wetu tunachagua gari kwa ajili ya safari ya Desemba, halafu tunalilipia wiki zote za kawaida zilizobaki. Hakuna kati ya haya matatu ninaloliona baya. Nimeona tu watu wengi wakinunua jibu zuri la swali ambalo si lao.

Wagoni zimekwenda wapi?

Chanzo hakiko kwetu. Marekani, wagoni lilikuwa gari la familia kwa miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shida ya mafuta ya 1973 ikayafanya magari marefu yenye injini kubwa kuwa mzigo. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kubana ulaji wa mafuta, na masharti yakaishia kuwa makali kwa magari ya abiria, laini kwa yale yaliyohesabiwa kama malori madogo. Chrysler ilipotoa minivani zake za mwaka 1984 zikaingia upande wa malori, na SUV zilizofurika baadaye vilevile. Kiwanda kikapata sababu ya kutengeneza gari la juu, na mnunuzi akagundua kwamba anapenda kukaa juu.

Japan, ambako ndiko magari yetu yanatoka, wagoni ilikuwa na enzi yake. Legacy ya Subaru ya 1989 iliifanya ionekane gari la kujivunia, Toyota ikajibu kwa Caldina mwaka 1992. Kisha zikaja RAV4 ya 1994, CR-V ya 1995, Forester na Harrier za 1997. Wenye watoto wengi wakahamia Noah na Wish. Caldina ilikoma 2007, na mwaka 2014 Subaru ikaacha kuuza Legacy wagoni huko Japan, Levorg ikashika nafasi yake. Fielder, wagoni ya Corolla iliyoanza mwaka 2000, ndiyo iliyovumilia. Ulaya hawajaitupa kabisa: Passat mpya iliyotoka 2023 huko inauzwa kama wagoni tu, sedani ndiyo iliyofutwa.

Sisi tunanunua alichokichoka Mjapani, kwa hiyo mabadiliko ya kwao yanatufikia yakiwa yamechelewa. Kenya inakataa gari lenye zaidi ya miaka minane. Uganda, kwa sheria ya 2018, inakataa lililozidi miaka kumi na tano tangu litengenezwe. Piga hesabu mwenyewe. Kwa anayeagiza mwaka 2025, gari la 2009 halivuki tena mpaka wa Malaba wala wa Busia. Caldina imeshatoka kwenye orodha, na Legacy ile ya mwili uliopendwa sana, iliyoishia 2009, imetoka nayo. Hata Ipsum, mfalme wa special hire, teksi za kukodi, wa Kampala, nayo ilikoma 2009. Zinazozunguka mjini ni zile zilizokwisha kuingia. Wagoni unazoweza bado kuagiza ni chache: Fielder, Legacy za mwisho, Outback, Wingroad, Levorg, Prius Alpha na ndugu zao wawili watatu. Kwa hiyo usidhani kwamba uzuri wa wagoni ndio ulioisha. Mlango ndio unaofungwa polepole.

Wazee wetu wanaokumbuka Peugeot 504 ya safu tatu za viti, iliyobeba abiria mji hadi mji Afrika Mashariki nzima, watakuambia kwamba wagoni, SUV na minivani zilishawahi kuishi ndani ya gari moja.

Tupime kwa nini?

Vigezo ninavyovitumia ni vitano: watu na mizigo, barabara, mafuta, fundi na spea, na hela ya kuingilia pamoja na ya kutokea. Heshima sikuiweka, ingawa najua imo vichwani mwetu. Kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishwa ukweni, hakuna anayeuliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Kama kazi yako au ukoo wako unakudai uonekane, ongeza kigezo cha sita kimyakimya na ukipe alama zako mwenyewe.

Kwa kulinganisha nitaishika Fielder kama mfano wa wagoni, Forester ya Subaru isiyo na turbo kama mfano wa SUV, na Noah kama mfano wa minivani. Nyingine nitazitaja panapohitajika.

Watu na mizigo

Sahau picha za matangazo. Kipimo cha kweli cha gari la familia hapa Uganda ni siku ya kuripoti shule ya bweni. Chukua watoto watatu. Kila mmoja ana sanduku la bati, godoro, beseni, jerikeni, ufagio na rimu ya karatasi. Ongeza baba na mama. Na mara nyingi shangazi anajitokeza asubuhi hiyohiyo kusema, "Mnipitishe hapo Luweero, njia ni moja."

Kwenye Fielder, masanduku mawili yanakaa sakafuni mwa buti na la tatu linapanda juu. Mabeseni yanaingia moja ndani ya jingine, rimu zinajaza matundu. Magodoro yaliyoviringishwa na kufungwa kamba yanakwenda kwenye keria, na kwa kuwa paa liko chini, mama anaweza kuyafunga mwenyewe bila kupanda juu ya tairi. Sakafu ya buti nayo iko chini, jerikeni iliyojaa hainyanyuliwi hadi kifuani. Ila shangazi hana kiti. Na kuna hatari moja ambayo hatuizungumzii: buti la wagoni liko wazi kwa abiria, kwa hiyo sanduku la bati lililopangwa juu ya usawa wa viti litamfuata mtoto kichwani siku ya breki ya ghafla. Weka vizito chini, na ununue wavu.

Forester nayo ni ya watu watano, na hapa ndipo watu hushangaa. Ukiiona imesimama unadhani ni kubwa zaidi, lakini ile ya 2008 hadi 2012 ina urefu wa mita 4.56 tu, na Fielder ya wakati huo ina kama mita 4.4. Kimo cha SUV kimekwenda kwenye matairi na kwenye nafasi ya vichwa. Buti lake ni refu kwenda juu, si kwenda ndani. Sanduku la tatu linaingia kwa kubishana, na magodoro yanafungwa na mtu mrefu. Faida yake ni kukaa: bibi mwenye magoti mabovu anateleza moja kwa moja kwenye kiti bila kuinama wala kuruka. Ukitaka SUV yenye safu ya tatu zipo, kama Toyota Vanguard, ambayo ni RAV4 iliyorefushwa, au Prado kwa mwenye nazo. Safu hiyo ya tatu kwenye Vanguard ni ya watoto. Mtu mzima akikaa huko magoti yanamgusa kidevu.

Noah inabeba wanane, milango ya pembeni ni ya kuteleza, ngazi iko chini. Kwenye maegesho ya shule yaliyobanana, mlango wa kuteleza ni neema, kwa sababu hakuna mtoto anayegonga gari la mzazi mwenzako. Ukiikunja safu ya tatu pembeni, masanduku, magodoro na mabeseni yote yanaingia ndani, na keria huihitaji. Lakini uelewe jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: Noah ikijaa watu wanane haina buti la maana. Nyuma ya safu ya tatu panabaki nafasi ya mikoba michache. Unapata watu wanane, au watu watano na mzigo wa duka zima. Vyote viwili kwa pamoja hupati. Wish ni ndogo kuliko Noah na safu yake ya tatu ni ya watoto, ila inaendeshwa kama gari la kawaida na haipepesuki kwenye upepo.

Barabara

Fielder, Wish na Noah zote zimeinuka kutoka ardhini milimita 150 hadi 160 hivi. Forester, RAV4 na X-Trail zinazunguka milimita 200 na kuendelea. Sentimita tano. Zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini ndizo zinazoamua kama utafika nyumbani au utaliacha gari kwa jirani.

Jiulize maswali mawili tu. La kwanza: lami inaishia wapi, na kutoka hapo mpaka getini kwako pakoje mwezi wa Aprili? Mtu wa Kira au Naalya ambaye murramu yake ni ya mita mia tatu ana habari nyingine na mtu anayepanda kila wikiendi Bududa au Bundibugyo. La pili: gari likijaa linashuka kiasi gani? Fielder yenye watu watano na masanduku inakaa chini kabisa, na matuta ya makazi yetu, yaliyojengwa kila mtu kwa hasira zake, yatakwangua tumbo. Noah iliyojaa ina tatizo hilohilo na uzito zaidi.

Mafundi watakuambia dawa ni spesa, vile vipande vya kuinua gari juu ya springi. Spesa ndogo inasaidia. Kubwa inabadilisha pembe za miguu ya gari, CV joint, viungo vya ekseli za magurudumu, zinachakaa mapema, na gari linaanza kuyumba kwenye kona. Mimi ningeanza na shokapu mpya na springi nzima, kwa sababu mara nyingi gari halikuumbwa fupi kiasi hicho, limechoka tu.

Upande wa SUV pia kuna uongo wa kuondoa. Kimo si 4WD. Forester nyingi zinavuta kwa magurudumu manne, lakini RAV4 na Harrier zipo tele zinazovuta mbele tu. Kwenye tope la mfinyanzi, Harrier ya kuvuta mbele yenye matairi ya lami yaliyokwisha haina tofauti na Fielder, isipokuwa inakwama ikiwa na heshima zaidi. Tena Fielder za 4WD zipo, uliza. Na gari la juu lina uzito wake juu: kwenye kona za Kabale au ukimkwepa ng'ombe kwa ghafla barabara ya Gulu, linapinduka kwa wepesi kuliko wagoni.

Kwenye lami ndefu wagoni inatulia vizuri mno. Kampala hadi Arua kupitia Karuma na Pakwach ni safari ya siku nzima, na mtu aliyeifanya kwa Legacy anashuka akiwa bado na mgongo. Noah kwa safari hiyohiyo inafika salama, ila lori kubwa likikupita kwa kasi utashika usukani kwa mikono miwili.

Mafuta

Ulaji hutegemea mguu wa dereva, jamu na hali ya injini, kwa hiyo chukua hizi kama makadirio ya mchanganyiko wa mji na barabara kuu: Fielder ya 1.5 kilomita 12 kwa lita, Wish ya 1.8 kilomita 11, Noah ya 2.0 kilomita 9, Forester ya 2.0 isiyo na turbo kilomita 9 pia. Forester ya turbo ni kama 7, na kwenye foleni ya Jinja Road ni bora usitazame mshale.

Sema familia inatembea kilomita 1,200 kwa mwezi, kazini, shule, kanisani au msikitini na sokoni, na lita ya petroli tuiweke shilingi 5,000. Fielder itakunywa lita 100, yaani 500,000. Noah na Forester zitakunywa lita 133, karibu 667,000. Tofauti ni kama 167,000 kwa mwezi, na kwa mwaka inafika shilingi milioni mbili. Turbo itakufikisha 857,000 kwa mwezi. Hapo hakuna safari hata moja ya kijijini.

Fielder ya haibridi, iliyoanza 2013, na Prius Alpha zinakula kidogo kuliko hata Fielder ya kawaida. Swali lake ni betri. Gari la miaka kumi lina betri ya miaka kumi, kwa hiyo usilipie kabla fundi mwenye kompyuta hajaipima.

Fundi na spea

Fielder ndiyo nyepesi kuliko zote. Injini yake ya 1.5, 1NZ, imo pia ndani ya Probox, Vitz, Ist na Toyota nyingine kibao, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na hakuna kijana wa magereji ya Kisekka au Ndeeba, Kampala, asiyeijua. Spea zake, mpya au za kufunguliwa, unazipata hata Mbale na Mbarara. Ina mtego mmoja. Fielder nyingi za 1.5 kuanzia 2006 zina giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na CVT haitumii oili ya ATF, ile ya otomatiki za kawaida. Utaisikia sauti ya garage: "Boss, oili ya giaboksi ni ileile nyekundu, hizi habari za CVT ni biashara tu." Mwache aongee. Toyota ina oili zake za CVT, TC kwa za zamani na FE kwa za baadaye. Soma kwenye kitabu cha gari ni ipi, nunua mwenyewe dukani, simama pale anapoimimina. Giaboksi moja iliyokufa inakula ile akiba yote ya mafuta tuliyoihesabu hapo juu. Onyo hilohilo ni la Noah za kuanzia 2007 na la X-Trail za kizazi cha pili.

Subaru inataka fundi wa Subaru, si fundi "anayejua magari yote". Injini yake imelala, silinda zimeangaliana pembeni, na hata kubadilisha plagi ni kazi ya mikono myembamba na subira. Forester zilizotoka Japan kabla ya mwishoni mwa 2010 zina mkanda wa taimingi unaobadilishwa karibu na kilomita 100,000. Zilizofuata zisizo na turbo zikaja na injini mpya ya cheni. Ukiinunua ya mkanda na hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe wiki hiyohiyo. Kampala mafundi wa Subaru wapo wazuri. Ukiishi Moroto au Kisoro, fikiria mara mbili, na labda utazame RAV4.

Noah ya sasa haina makuu. Za zamani, za 2001 hadi 2007, ambazo bado zinauzwa mkononi, zilikuwa na injini ya D-4 inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu yake haisamehe petroli chafu. Ukiona maandishi ya D-4 kwenye mfuniko wa injini, bei ishuke au uage. Caldina nyingi za mwisho nazo ni hivyohivyo. Milango ya umeme ya Noah ni raha mpaka siku inapogoma, na ikigoma mvua ikinyesha utajua watoto wako wana maneno mengi kiasi gani.

Hela ya kuingilia na ya kutokea

Hapa Uganda ushuru unapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo pengo la bei huko Japan linanenepa likifika kwetu. Ikiwa Forester imeizidi Fielder dola 1,000 pamoja na usafiri na bima, ushuru wa forodha wa 25% unaifanya tofauti kuwa 1,250, na VAT ya 18% juu yake inaifikisha 1,475. Bado kuna kodi ya mazingira kwa magari yaliyotumika na tozo ndogondogo. Anayekuambia "tofauti ni dola elfu moja tu" hajalipa URA, mamlaka ya mapato, bado.

Kwenye kuuza, Toyota ya aina yoyote inatoka haraka. Fielder inachukuliwa na wafanyabiashara na madereva wa app. Wish vivyo hivyo. Noah ina soko la shule ndogo, makanisa na wasafirishaji wa watalii wa bajeti ya kati. Forester inauzika vizuri kwa vijana, lakini mnunuzi wake atakuja na fundi, na fundi atasikiliza injini ikiwa baridi. Legacy na Levorg zinataka mnunuzi anayezipenda. Ukimpata analipa, usipompata gari linakaa. Hilo la mwisho linamfaa mnunuzi kuliko muuzaji. Kwa sababu macho ya watu yamehamia kwenye SUV, wagoni nzuri yenye kilomita chache inaweza kukaa bondini mpaka bei yake ishuke. Mwenye subira aende Januari, baada ya haraka ya Krismasi.

Ukiwa katika hali hii

Kama mko watano au chini yake, mnaishi karibu na lami, na kijijini kwenu lami inafika au inakaribia, wagoni bado ina hoja nzito kwa upande wa hela. Mtabeba karibu kila anachobeba mwenye SUV, na kila mwezi mtabaki na kitu mfukoni. Chagueni Fielder kwa utulivu wa gharama. Chagueni Legacy au Levorg kama mwendeshaji anapenda kuendesha na fundi wa Subaru yuko karibu.

Kama kazi inakupeleka porini, wewe ni afisa kilimo, mkaguzi wa shule, mtu wa miradi ya Karamoja, au nyumba yako iko kwenye kilima ambacho mvua ikinyesha bodaboda zenyewe zinashuka kwa mguu, usijibane. Chukua SUV, hakikisha ni 4WD ya kweli, na weka sehemu ya bajeti kwa matairi mazuri kabla ya kufikiria rimu. Hali ni hiyo pia kwa anayeishi na mzazi mwenye magoti au mgongo mbovu.

Wenye watoto wanne na kuendelea, au nyumba ambamo wapwa na binamu wanasoma kwenu, jibu la kawaida ni minivani. Watu wanane kwenye viti vinane, kila mmoja na mkanda wake, ni salama kuliko saba waliobanwa kwenye Forester, na trafiki hana la kukuuliza. Wish inatosha ikiwa wa nyuma bado ni wadogo. Wakishafika sekondari, Noah.

Kama gari litakuwa pia chombo cha biashara, mama ana duka la vitambaa au baba anapeleka mayai mjini, tazama sakafu kabla ya viti. Noah yenye safu ya nyuma iliyokunjwa inameza zaidi. Fielder inapakiwa na kupakuliwa kwa urahisi zaidi na inakula kidogo. Nendeni na kreti au jora moja bondini, mjaribu kuliingiza kabla ya kulipa. Muuzaji atacheka kidogo, mwacheni acheke.

Kama kinachokusukuma ni Desemba peke yake, yaani mwaka mzima mko wanne na Corolla inawatosha, ulizia kwanza bei ya kukodi Noah na dereva kwa siku nne tano za sikukuu. Ilinganishe na zile milioni mbili za mafuta kwa mwaka, na ushuru wa kubadilisha gari. Kuna familia ambazo baada ya hesabu hiyo zimebaki na gari lao dogo, zikabadilisha shokapu, zikalipia safari moja ya kukodi, na hazihitaji lolote kati ya haya matatu mpaka mtoto wa tatu azaliwe.